Demio inakula betri, ya pili imekufa ndani ya miezi 7 na fundi anataka nibadili alteneta, ile inayochaji betri. Nisaidieni kabla sijatoa hela

wa_kimara
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja maana nimechoka. Nina Mazda Demio ya 2015, SkyActiv 1.3 ya petroli, ile yenye i-stop (injini inajizima ukisimama kwenye foleni na kujiwasha ukiondoka). Ilikuja na betri yake kutoka Japani ikakaa mwaka na ushee ikafa, nikasema sawa, gari la mtumba na betri yake mtumba, sio kesi. Nikaenda dukani jamaa akaitazama ile ya zamani akasema saizi hii ninayo, akanipa betri kavu mpya kabisa, ikaingia kwenye kikalio chake kama imeumbiwa pale.

Miezi 7 tu wakuu. Juzi asubuhi nabonyeza kitufe nasikia tiktiktik, dashibodi inacheza disko, gari haliwaki. Jirani akanibusti nikarudi dukani, wakaipima wakasema betri imechoka haishiki chaji, na garantii haihusiki kwa sababu eti gari langu ndio halichaji. Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote, akaazima betri nzima ya mteja akafunga, tukazunguka nayo mtaa mzima, tukarudi akaweka mita gari likiwa linaunguruma. 12.7. Akaniangalia kwa huruma kama nimefiwa, "bosi alteneta imekwenda hiyo".

Bei ya alteneta sitaki hata kuiandika hapa. Ila kuna vitu viwili vinanikera. Kama alteneta imekufa mbona taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki? Na i-stop ilifanya kazi kama miezi miwili baada ya betri mpya halafu ikaacha yenyewe, nikafurahi maana nilikuwa siipendi. Sasa najiuliza haikuwa dalili?

Kobe Mwendo
Mkuu fundi wako yuko sahihi mia kwa mia. Gari zima likiwaka lazima lisome 14 na kidogo. 12.7 ni volti ya betri yenyewe, maana yake alteneta haitoi kitu. Tafuta alteneta uendelee na maisha.

fundi_waya
USITOE HELA. Kwanza nijibu maswali matatu. Betri iliyokuja na gari iliandikwa nini juu? Hiyo uliyouziwa imeandikwa nini? Na kwenye terminali ya hasi kuna kidude cheusi chenye plagi ndogo ya waya?

wa_kimara
Ya zamani Q-85. Mpya 55D23L. Kidude kipo, kimebana kwenye nguzo ya hasi, kina plagi ya waya mbili tatu hivi. Juu yake kuna waya mwingine mweusi umefungwa na bolti moja kwa moja kwenye nguzo, huo ni wa jamaa wa traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo).

fundi_waya
Hapo umeshajibu karibu kila kitu na huo waya wa traka nitaurudia, tuanze na namba.

55D23L na Q-85 zina sanduku moja. Herufi Q kwenye betri za gari za i-stop inasimama badala ya D23, kama ambavyo M ni B20, N ni B24, S ni D26 na T ni D31. Urefu sentimita 23, upana ule ule, nguzo zimekaa pale pale. Ndio maana iliingia kama imeumbiwa. Muuza duka alipima kwa macho, na kwa macho hakukosea. Tofauti iko ndani. 55D23L ni betri ya kawaida, imetengenezwa kuwasha gari mara moja asubuhi ikaachiwa alteneta ifanye kazi. Q-85 ni EFB, ya maji pia lakini sahani zake zimeongezewa nguvu ili izime na kuwasha injini mara 40 kwa siku kwenye foleni, na kila injini ikizimwa na i-stop ni betri ndio inabeba taa, redio, feni na kompyuta zote. Betri ya kawaida ukiitumia hivyo unga wa kwenye sahani unaanza kumomonyoka na asidi nzito inakaa chini maji mepesi yanabaki juu. Inakufa taratibu na huoni kitu mpaka siku ya tiktiktik.

Halafu hiyo 55 na 85 sio ampia wala sio Ah (ampia-saa, kiasi cha umeme betri inachobeba), watu wanachanganya sana hapa. Ni daraja la nguvu ya betri kwa mfumo wa Kijapani. Betri ya 55B24 kwa mfano ukiipima kwa masaa 20 inakuja kwenye Ah 45 hivi, haifiki 55.

Sasa 12.7. Hicho kidude cheusi kwenye hasi ni sensa, inahesabu umeme unaoingia na unaotoka kwenye betri na kupeleka habari kwa kompyuta. Gari la zamani alteneta inasukuma volti 14 muda wote iwe betri inataka au haitaki. Gari lako halifanyi hivyo. Betri ikishiba kompyuta inaiambia alteneta ipumzike ili injini isibebe mzigo wa bure na mafuta yasiende, halafu ukiachia mafuta au unateremka mlima inaisukuma kwa nguvu, maana hapo umeme ni wa bure, tairi ndio zinazungusha injini. Kwa hiyo fundi kafunga betri nzima iliyoshiba, gari limesimama sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kaona 12.7. Hiyo ndio ilitakiwa aione! Alteneta yako ilikuwa imepumzika tu.

Jaribio rahisi, gari likiwa linawaka mita iko kwenye betri: washa taa kali, feni ya AC mpaka mwisho, kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu washa, subiri dakika. Volti zikipanda kwenda 13 na nusu au 14 alteneta ni nzima. Zikianza kushuka kwenda 12.2, 12.0, hapo mimi na wewe twende tukatafute alteneta.

Kobe Mwendo
Mkuu mimi nina Corolla ya 1998, kwangu ni 14.2 usiku na mchana. Sikujua haya ya kupumzika. Basi nimejifunza.
Ila nisahihishe kidogo na mimi nionekane nipo 😀 hiyo L ya mwisho maana yake chanya iko kushoto. Asije akanunua R.

fundi_waya
Sawa na si sawa. Kushoto ukiwa umesimama ubavu upi? Hiyo L inasomwa ukiwa upande mfupi wa betri, ule ulio karibu na chanya. Watu wengi wanaitazama betri kwa upande mrefu nguzo zikiwa karibu na tumbo lao, na hapo ya L chanya inakuwa mkono wa KULIA. Ndio maana dukani watu wanabishana kutwa. Usisome herufi peke yake, angalia waya mwekundu wa gari unafika wapi. Hizi Q-85 zisipokuwa na herufi mwishoni ni sawa na L, ya upande wa pili huandikwa Q-85R.

Boss wa Thika Road
Wasee wa Dar mnaongea mambo mazuri huku. Mimi niko Nairobi na BMW, acha nieleze ile kitu ilinipata. Betri iko kwenye buti, ilikuja na AGM (ile iliyofungwa, asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo). Nikaona AGM ni bei mara mbili, nikaweka ya kawaida kubwa hivi, Ah nyingi kuliko ile ya kwanza, nikajua nimewashinda ujanja. Haikumaliza mwaka. Mekanika wa umeme akaniambia gari bado linajua lina AGM nzee ya miaka 6, kwa hiyo linaichaji kama mzee wa AGM. Hizi gari ukibadilisha betri unaiandikisha kwa kompyuta na mashine, unaiambia hii ni mpya, ni aina gani, Ah ngapi. Bila hiyo linaendelea na hesabu za marehemu.

fundi_waya
Asante bosi. Kanuni yangu mimi ni moja: gari lililokuja na ya kawaida unaweza kupanda, lililokuja na EFB linabaki EFB au linapanda AGM, lililokuja na AGM linabaki AGM. Hakuna kushuka.

Mzee wa Hiace
Nyie vijana mnatishana. Mimi miaka yote naweka betri kubwa kuliko iliyokuja na gari na sijaona alteneta kufa. Kwenye Hiace yangu niliweka hata betri ya sola ya Ah 100 iliyokuwa imebaki nyumbani.

fundi_waya
Shikamoo mzee wangu. Ya kwanza uko sahihi kabisa. Kuna uongo mtaani kwamba betri kubwa inachosha alteneta, alteneta haijui ukubwa wa betri, inatoa kile kinachotakiwa. Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta ya kuchaji, betri kubwa ikikaa vizuri kwenye kikalio na haigusi boneti, weka. Kinachochosha alteneta ni betri iliyokufa kabisa, umebusti halafu unaitegemea alteneta ndio iijaze kutoka sifuri. Hiyo ijaze kwa chaja kwanza.

Ya sola hapana mzee. Sahani zake nene, zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, sio kutoa ampia 200 kwa sekunde mbili stata ikizunguka. Itawasha, lakini inaumia kila asubuhi. Na kama ni ya jeli haipendi kuchajiwa zaidi ya 14.4, gari likisukuma zaidi ya hapo jeli inapasuka ndani na hairudi.

Mzee wa Hiace
Marahaba. Nitairudisha kwenye sola, mama mwenye nyumba atafurahi maana TV ilikuwa inazima saa 3.

mama_wa_aqua
Jamani na mimi niulize humu humu. Nina Aqua haibridi, betri ndogo iko chini ya siti ya nyuma. Fundi kaniambia ya kawaida ya maji itafaa tu ila ya haibridi inauzwa ghali kwa sababu ya jina.

fundi_waya
Dada yangu usikubali. Betri iko ndani mnapokaa na watoto. Betri ya kawaida ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni, na inaweza kuvuja asidi. Ya kwako ni AGM iliyofungwa, na ina kibomba chembamba cha kutolea gesi nje ya gari, hakikisha mpya ina tundu la kuchomeka hicho kibomba na kimechomekwa kweli. Kwenye namba utaona herufi S imeanza mbele, kama S34B20R au S46B24R, hiyo S ya mbele ndio inasema ni ya kufungwa. Soma ya kwako inasemaje ununue ile ile. Pia haibridi haina alteneta, hiyo ndogo inachajiwa na betri kubwa kupitia kibadilishio chake, na haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu.

Na hapa niseme kwa wote, hili neno "betri kavu" linatupoteza. Dukani kila betri isiyo na vizibo vya kuongezea maji inaitwa kavu. Nyingi ni za maji vile vile, zimefunikwa tu. Ukiuliza "una kavu?" utapewa kavu, ila kama unataka AGM au EFB sema hivyo na usome maandishi juu ya betri, yako palepale kwenye stika.

Kobe Mwendo
Na sisi wa magari ya zamani je? Hizi kavu za siku hizi zinakufa haraka kuliko zile za maji za zamani au ni mimi?

fundi_waya
Inategemea gari lako linachaji ngapi. Hizi zilizofunikwa nyingi ni za kalsiamu, zinapenda 14.4 mpaka 14.8 ndio zishibe. Gari la zamani likiwa na regulata (kidhibiti cha volti za alteneta) inayotoa 13.8, betri hiyo haishibi hata siku moja, inakaa nusu njaa mpaka inajaa chumvi nyeupe kwenye sahani. Kwenye gari kama hilo mimi nafunga ya vizibo na namfundisha mwenye gari kuongeza maji ya betri, maji tu sio asidi. Wewe wa 14.2 uko katikati, itaishi.
Ila kuna jamaa alikuja na pikapu, betri ya tatu kwa mwaka, kila akifungua vizibo maji yameisha na boneti inanuka mayai viza. Nikapima 15.6. Regulata imekufa, alteneta inachemsha betri kama chai. Ndio maana nasema pima kwanza ndio ununue. Gari limelala usiku kucha: 12.6 imeshiba, 12.4 robo imeondoka, 12.2 ni nusu, 12.0 una njaa. Likiwaka, gari la zamani, 13.8 mpaka 14.5. Ukivuka 15 kuna shida.

Wa kimara umepotelea wapi? Waya wa traka bado tunaudai.

wa_kimara
Nipo mkuu. Nimefanya jaribio jana kwa fundi akiwa amesimama pembeni kanuna. Sailensa tupu 12.8. Nikawasha taa, feni, kioo cha nyuma, ikakaa kidogo halafu ikaruka 14.1. Fundi akasema "mita hii mbovu". Tukaleta ya jirani, 14.1. Leo nimeenda nayo barabarani, nimechomeka kale kamita ka kwenye soketi ya sigara, natelemka Kibamba nimeachia mafuta naona 14.6, nikikanyaga inarudi 12.9. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye gari kama mwehu.

Traka sasa. Na niseme ukweli, gari naitumia Jumamosi na Jumapili tu, siku za kazi napanda mwendokasi. Kuna traka na kamera ya mbele, zote zimeungwa moja kwa moja.

fundi_waya
Aaah sasa hilo ulificha! Fanya hivi. Zima gari, funga milango, acha lilale nusu saa, funguo peleka ndani mbali. Toa waya wa hasi, weka mita kwa upande wa ampia katikati ya waya na nguzo, anzia tundu la ampia 10. Usibonyeze kitu chochote wala kugeuza stata mita ikiwa hapo utaunguza fyuzi. Chini ya miliampia 50 ni sawa.

Na huo waya wa traka kwenye nguzo ya hasi utolewe ukafungwe kwenye bodi (chuma cha gari). Ukiwa juu ya nguzo umeme wake haupiti kwenye sensa, kompyuta inadhani betri imeshiba kumbe traka inakula kwa mlango wa nyuma. Hata ukibusti au kuchaji, klipu nyeusi weka kwenye bodi sio kwenye nguzo, sababu ni hiyo hiyo.

wa_kimara
Miliampia 180.

fundi_waya
Piga hesabu. Ampia 0.18 mara masaa 24 ni Ah 4.3 kwa siku. Jumapili usiku mpaka Jumamosi asubuhi ni siku tano na zaidi, zaidi ya Ah 21 zimeondoka kwenye betri ya kama 60, theluthi nzima. Halafu Jumamosi unaenda sokoni kilomita 8 ndani ya foleni, i-stop inazima na kuwasha, na kompyuta inaamini betri imeshiba. Na joto la Dar juu yake. Hata EFB hapo ingelia, ya kawaida kukaa miezi 7 imejitahidi.

wa_kimara
MREJESHO wakuu, nimechelewa kidogo.

Kamera nimemwambia jamaa wa umeme aihamishie kwenye laini inayozima na gari. Traka ethi yake (waya wa hasi) imeenda kwenye bodi. Nimepima tena, 30 na kitu. Betri nimepata Q-85, nimezunguka Gerezani nusu siku, maduka matatu walinipa 55D23L wakiapa ni hiyo hiyo. Duka la nne mzee mmoja kaitoa nyuma kabisa, nikaomba mita kabla ya kulipa kama mlivyoelekeza, ya kwanza ikasoma 12.3 nikakataa, akanuna, akaleta nyingine 12.7. Betri mbovu kaipima kwenye mzani akanipunguzia bei.

Baada ya kufunga, taa ya DSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) ikawaka na vioo vikagoma kupanda vyenyewe, moyo ukapiga. Nikazungusha usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia taa ikazima, vioo nikashikilia swichi juu mpaka vikakubali. Yule wa umeme akachomeka mashine akaiambia kompyuta betri ni mpya. I-stop imerudi siku ya tatu, imenizimia pale taa za Ubungo nikaruka.

Fundi wangu kanipigia leo asubuhi kwamba ile alteneta kaniwekea, kuna mtu mwingine anaitaka. Nimemwambia ampe tu, ila asimpe kabla hajawasha taa na feni.

mtoto_wa_temeke
Wakuu na Passo ya 2008 inataka Q ngapi?

fundi_waya
Passo ya 2008 haina i-stop mdogo wangu, haina Q. Fungua boneti usome iliyopo, halafu kapime inachaji ngapi urudi hapa na namba mbili.